Kiti cha Getini

Kwenye benchi ya hospitali, kila mama mwenye saratani anauliza kama atakufa. Hilo mimi sina jibu lake. Daktari mwenyewe ukimwuliza anaangalia dirishani. Mimi naandika juu ya kitu kingine, ambacho hakuna mtu alinieleza mapema: unaweza kupona titi, ukabaki hai, unakula na kulala, na wakati huo huo ukapoteza miguu yako nayo bado iko hapo, umesimama juu yake. Na ukiwa mtu wa kucheza kama mimi, utaona wivu ambao hujawahi kuona tangu uzaliwe. Usishtuke. Unakuja pamoja na hizo dawa.

Mimi ni mkulima wa viazi huku Mau Narok. Shule niliacha mapema, kwa hivyo usitafute hapa maneno ya kidaktari. Kile najua ni kulima, kupepeta maharagwe na kushika geti.

Hiyo ya geti lazima nieleze, kwa sababu si kila mtu kwao wanayo. Kwetu Wakikuyu, watu wa kijana wakileta mahari hawaingii tu kama watu wa kununua maziwa. Geti linafungwa. Wanawake wao wanasimama nje wanaimba, wanawake wetu wako ndani wanawajibu, na mmoja wa ndani ndiye anaongoza. Anawauliza kwa wimbo: nyinyi ni nani, mmepotea, mnatafuta nini kwa watu? Wakijibu ovyo, anawarudisha mwanzo. Huku anaimba, mabega yanaenda, mguu unagonga chini, na wengine wote wanafuata huo mguu. Akiridhika ndiyo anatoa komeo. Geti likifunguliwa haraka, msichana ameonekana rahisi, na hilo neno litamfuata mpaka jikoni kwa mama mkwe wake.

Geti za ukoo wetu nimezishika mimi tangu mama mkwe wangu alipozeeka. Watu wakaanza kusema sherehe bila mimi ni chai bila majani. Walisema wenyewe, sikuwatuma.

Halafu kuna Nyambura. Nyambura ameolewa na ndugu mdogo wa marehemu mzee wangu, na wanaishi Free Area, huko Nakuru mjini. Alipokuja kwetu akiwa bibi harusi hakuwa anajua kucheza. Alikuwa anasukuma kiuno kama mtu anayefunga mlango akiwa amebeba ndoo mikono yote miwili. Nikamchukua shambani, tukiwa tunapalilia, nikamwambia aangalie kisigino changu. Kisigino kwanza, bega linafuata. Akajua. Akajua vizuri sana. Kosa la kufundisha mtu vizuri ni hilo.

Uvimbe niliuona mvua ndefu ikianza, tukiwa tunapanda viazi. Viazi vikatoa maua nikiwa nimeshafanyiwa upasuaji, sina titi la kushoto. Tulipoanza kuchimba, ndipo nikaanza kemo, zile dawa za saratani za kutiwa kwenye mshipa. Ndivyo ninavyokumbuka huo mwaka, kwa viazi na kwa kemo. Na mahari ya mjukuu wangu Shiru ilikuwa imepangwa Desemba, baada ya ngano kuvunwa. Shiru alikuwa ameniambia kabla hata sijaugua, "Cucu, geti ni yako." Nikamwambia, "Ilikuwa ya nani tena?"

Kwa hivyo hao madaktari walipokuwa wananiuliza ninaendeleaje, mimi nilikuwa nahesabu kitu kimoja tu: Desemba nitakuwa nimesimama au nimekaa.

Kutoka Mau Narok mpaka mjini ni mbali kwa mtu mgonjwa, na asubuhi huku kwetu baridi inauma. Ikaamuliwa kila kemo nilale kwa Nyambura siku iliyotangulia, halafu yeye anipeleke. Sikuulizwa. Kijana wangu Kamau, baba yake Shiru, alinishusha Free Area na begi yangu kama gunia la mbegu, akasema, "Mama, hapa utakaa poa."

Nyambura alinihudumia, siwezi kudanganya. Alinipikia uji wa wimbi, akanipa kitanda chake, akashika beseni nikitapika. Lakini huyo mwanamke hawezi kutembea kawaida. Akienda kuchukua chumvi anacheza. Akianika nguo anacheza. Nikiwa nimelala pale na mdomo una ladha ya misumari, namwona kupitia mlango, mikono yote miwili iko juu, anabana nguo kwenye kamba, kiuno kinaenda. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa haufiki hata kwenye sikio. Nilifunga macho nikijifanya nimelala.

Hospitalini ilikuwa mbaya zaidi. Ile nafasi ya kungojea ina benchi ndefu, watu wamevaa makoti na vitambaa vya kichwa, kila mtu anaangalia viatu vyake. Siku moja mashine ya dawa ilikuwa imechelewa kutayarishwa, tumekaa mpaka njaa imepita na kurudi. Nyambura akasimama, ameshika kikombe cha uji, akaanza kuimba polepole na kucheza hapo katikati ya benchi bila kumwaga hata tone. Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja mwenye bomba puani akapiga makofi. Nesi akatoka akasema, "Mathe, hapa ni hospitali," lakini naye bega lake lilikuwa limeanza.

Na hiyo ilikuwa hatua yangu. Kisigino kwanza, bega linafuata. Niliijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake sokoni, hata kama amefungwa kamba mpya.

Kando yangu palikuwa na mama mmoja Mkalenjin kutoka upande wa Molo, ambaye tulikuwa tunapatana hapo mara kwa mara. Akaniuliza, "Huyu ni dada yako? Anacheza vizuri."

"Mimi ndiye nilimfundisha," nikamwambia.

"Aa. Basi wewe ni mwalimu."

"Mwalimu aliyekaa."

Akacheka mpaka akashika upande wa kidonda chake. Halafu akaniita gogo, ndiyo nyanya kwa lugha yao: "Shukuru Mungu, gogo. Wale niliofundisha mimi, hakuna hata mmoja amewahi kunileta hapa."

Lakini wivu haukuondoka kwa sababu ya hayo maneno. Ulisogea tu, kama mtu anayepisha mwingine kwenye benchi.

Kuna mchezo mwingine ambao mgonjwa anaucheza, nao hakuna aliyenifundisha. Ni wa wageni. Watu wa kanisa wakija kukuona, huwezi kuwa mgonjwa sana, wataanza kulia na utabaki kuwatuliza. Huwezi kuwa mzima sana pia, watasema njiani kwamba ulikuwa unatafuta tu kuletewa sukari. Kwa hivyo unaketi nusu, unaongea nusu, unakohoa mara moja. Wakienda, unaanguka kwenye mto umechoka kuliko siku ya kuchimba viazi. Mimi ushauri wangu ni huu: usicheze huo mchezo. Mtu akija, lala vile umelala. Atazoea.

Nywele zilitoka wakati wa baridi ya Julai. Hiyo sikujali sana, kitambaa kipo. Mkono nao nilipewa zoezi la kupanda ukutani kwa vidole, kama buibui. Kamau akanipigilia misumari ukutani, mmoja juu ya mwingine, na mimi nikawa natundika leso yangu kwenye msumari wa chini, halafu ule unaofuata. Siku leso ilipofika msumari wa juu nilimwita kila mtu aliyekuwa nyumbani, pamoja na mchuuzi wa mayai.

Ni miguu iliyonimaliza. Baada ya kemo ya tatu nilianza kuona vidole kama vimevaa soksi. Nikataka kuvua soksi. Hakukuwa na soksi. Ikapanda mpaka kisigino. Nikikanyaga, najua nimekanyaga kwa sababu naona, si kwa sababu nasikia. Udongo ambao nimeukanyaga maisha yangu yote ukawa kama mtu aliyenikasirikia, hanisemeshi. Nikimweleza daktari ananiambia ni dawa, inaweza kurudi polepole, inaweza kuchukua muda. Nikamwuliza, "Kabla ya Desemba?" Akauliza, "Desemba kuna nini?" Nikaona hakuna haja.

Basi hapo nikaanza kuwaonea wivu watu wote. Yule mama anayefagia barabara. Watoto wakiruka kamba. Niliwaonea wivu hata kuku, wakiparuza pale uani, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, hawafikirii. Jumapili kanisani wanawake walikuwa wanapeleka sadaka mbele wakicheza, na mimi nimekaa na sadaka yangu mkononi, mpaka mtoto akatumwa kuichukua. Nilitamani kumnyang'anya.

Ngano ilipoanza kuvunwa, kemo ya mwisho ilikuwa imepita. Nikajiambia, sasa nijaribu. Mchana mmoja hakuna mtu jikoni, nikavua viatu, kwa sababu kucheza nilijifunza miguu mitupu na nilifikiri miguu itakumbuka ikiona udongo. Nikaimba kidogo. Kisigino kwanza. Nikaona bega linafuata. Nikafurahi, nikazunguka jikoni, nikazunguka tena. Halafu nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikafikiri ni viazi kwenye sufuria. Nikaenda kuangalia. Viazi vilikuwa sawa.

Mama yake Shiru akaingia na kuni. "Mami, ni nini inaungua?"

Tukaangalia chini sote wawili. Kaa lilikuwa limeanguka kutoka motoni, na mimi nilikuwa nimesimama juu yake.

Sikusikia chochote. Nasema hivi ili nyinyi mnaokuja nyuma yangu msifanye huo ujinga. Vaa viatu vilivyofungwa, hata ndani ya nyumba. Jioni chukua kioo uangalie nyayo zako, kama unavyoangalia uso wa mtoto. Na maji ya kuoga yapime kwa kiwiko.

Kamau akaja akaona bandeji. Akakaa kwenye stuli, akavua kofia. "Mama, hiyo maneno ya geti imeisha. Nyambura ndiye ataongoza."

"Umeuliza nani?"

"Nimeuliza mguu wako."

Nilitaka kumrushia kikombe, lakini kilikuwa bado na chai.

Shiru alinipigia simu jioni hiyo. Alikuwa ameshaambiwa. "Cucu, mimi sitaki mtu mwingine. Lakini sitaki uanguke mbele ya watu wa Bahati." Watu wa kijana wake wanatoka Bahati. Sikumjibu vibaya, kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu nilijua anasema ukweli. Lakini niliposikia Nyambura ameshashonesha nguo, na nguo ina shanga mabegani ili yakienda yang'ae, hiyo siku sikula.

Desemba ikafika. Hema likawekwa, masufuria yakapanda motoni, na mimi nikawekwa kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, na mto mgongoni, kama picha ya mtu aliyekufa. Nyambura akaja kunisalimia na shanga zake. Akasema, "Mama Kamau, leo wewe ni wa kuangalia tu." Alisema kwa upendo. Ndiyo sababu iliniuma.

Watu wa Bahati walifika jua likiwa kali. Walikuwa wamekodi wasichana wa kuimba, wana spika na maikrofoni, nguo zimefanana. Wakaanza kule nje. Nyambura akawajibu ndani. Nitasema ukweli: alikuwa mzuri. Mabega yaling'aa kama maji. Wanawake wetu wote walifuata mguu wake, na simu zote ziliinuka kumpiga picha. Mimi nilikuwa natoka jasho. Hizo dawa zinakuachia jasho linalokuja bila kazi. Nikajipangusa na leso.

Nyambura akaniona. Nikamwona ananiona. Alikuwa ameuliza swali moja tu, wale wasichana wa spika wakajibu kitu ambacho hata hakikuhusu swali, na yeye akaweka mkono kwenye komeo. Akageukia wanawake akasema, watu wote wakisikia, "Tufungue sasa. Mama Kamau amechoka."

Geti la mjukuu wangu. Swali moja. Kwa huruma yangu.

Sikumbuki nikiamka. Nakumbuka nikiburuta kile kiti kwenye nyasi, mto umeanguka, na watu wanapisha wakifikiri naenda chooni. Nikafika kwenye geti. Nikageuza kiti, nikakiegemeza kwenye bati la geti, nikakaa, na mgongo wangu nikauweka juu ya komeo.

"Nani amechoka?" nikauliza.

"Mama Kamau, tafadhali," Nyambura akasema polepole. "Jua ni kali."

"Jua liko nje pia. Wao ndio wamekuja kuomba."

Kamau akaanza kuja. Mama yake Shiru akamshika shati.

Nikaimba nikiwa nimekaa. Sauti ilitoka na mikwaruzo, kama mlango wa ghala, lakini ilitoka. Niliwaambia wa nje kwamba huko ndani kuna ua, ni kweli, lakini ua lina mizizi, na nimesikia spika, sijasikia mtu. Je, mmekuja kuchuma ua au mmekuja kuling'oa?

Spika ikapiga kelele kidogo ikazimwa. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke mzee, bila maikrofoni, anawaambia wale wasichana, "Hebu nipisheni, nyinyi hamjui hiyo." Akaanza. Wanawake wa Bahati wenyewe wakaitikia nyuma yake, na sasa walikuwa wanacheza kweli, miguu yote inagonga chini pamoja hapo kwenye barabara ya murram. Ule mgongano ulipita ardhini ukaingia kwenye geti. Bati likatetemeka. Likatetemeka mgongoni mwangu, kwenye kovu, kwenye mbavu, mpaka kwenye meno.

Miguu yangu haikusikia kitu. Sitaki mtu aseme nilipona hapo, sikupona. Lakini mgongo ulisikia kila mguu wa Bahati, hata ule mmoja uliokuwa unachelewa, na mabega yangu yakaanza yenyewe. Na Nyambura akaona mabega, akaacha kunibembeleza. Alikuja akasimama pembeni ya kiti. Nikiuliza kwa sauti, yeye anauliza kwa mguu. Nikinyamaza kungoja jibu, naye anasimama, kisigino juu, anangoja. Niliwarudisha wale watu mwanzo, nikawarudisha tena. Wanawake wetu walikuwa wanapiga vigelegele vya kiburi sasa.

Mwishowe yule mwanamke mzee wa nje akaimba kwamba hawakuja kuchuma wala kung'oa. Wamekuja na jembe, wachimbe kwa mbali, na huo udongo wa kwetu wataubeba pamoja na mzizi, usijue umehamishwa. Kila mtu anayepanda miche anajua maana yake.

Nikasema, "Sasa mtu ameongea."

Nikataka kuamka nifungue. Miguu ikakataa. Nikajaribu tena. Nilimwangalia Nyambura, naye hakusema nimechoka. Aliwaita wanawake wawili, wakainua kiti pamoja na mimi juu yake, wakanisogeza kando kama komeo. Nilitoa mkono wa kushoto, ule wa misumari, nikavuta chuma mwenyewe. Watu wa Bahati wakaingia wakiimba, jasho limewashika, na Nyambura akawapokea akicheza mbele yao.

Shiru alinionyesha video baadaye. Anayeonekana ni Nyambura. Nyambura na shanga, Nyambura kisigino juu, Nyambura amegeuka. Mimi naonekana kitambaa cha kichwa na mguu mmoja wa kiti. Watu walikuwa wameandika huko kwenye simu, huyu shosho anacheza ni moto, ni nani?

"Lakini Cucu, sauti ni yako," Shiru akasema.

"Sauti haina shanga," nikamwambia. Akacheka, akaniwekea tena kutoka mwanzo, nikaangalia tena. Nimeangalia mara nyingi. Kuna mahali Nyambura anakosea mguu, kidogo tu. Hapo huwa namwambia Shiru asimamishe.

Sasa viazi vingine vimepandwa. Miale ya kuchoma saratani, niliyopewa baada ya kemo, nayo imekwisha, naenda tu kuangaliwa, na bado nalala Free Area kwa Nyambura, kwenye kitanda chake. Kidole kikubwa cha mguu wa kulia kimeanza kusikia baridi. Asubuhi nakiweka kwenye sakafu kwanza, nangoja. Baridi ya sakafu sijawahi kuipenda hivi.

Mkiwa kwenye ile benchi, mtaambiwa msali, mle mboga, msiwe na hasira. Salini, kuleni mboga. Hiyo nyingine mimi sikuiweza, na niko hapa.

Juzi tulikuwa tunapepeta maharagwe kwake uani. Naweza kurusha ungo tena, mikono yote miwili. Nyambura akaniambia mjukuu wake wa kike ameletewa habari, kuna watu watakuja. Nikamwambia hilo geti asiliguse, nitalishika mimi, na nitalishika nikiwa nimesimama.

Akaangalia viatu vyangu. "Na kiti?"

"Kiti utakalia wewe," nikamwambia, nikarusha maharagwe.